Wanyama Wakizidi Ndani ya Seng'enge

Jumamosi moja nilikuwa nimesimama huko Barut, pembeni mwa mji wa Nakuru, karibu na ua wa waya unaoizunguka Mbuga ya Taifa ya Ziwa Nakuru. Pamoja nami alikuwa mzee mmoja mwenye shamba dogo la mahindi. Upande wa pili wa waya nyati wengi walikuwa wakila majani kwa utulivu, na nyuma yao kundi la pundamilia. Mzee aliwatazama kitambo, kisha akanigeukia akasema, "Mwanangu, wewe ni mtu wa kalamu, hebu nieleze neno hili. Mimi nikiweka ng'ombe kumi katika ekari mbili, bwana mifugo atakuja kunionya kwamba majani hayatoshi, nipunguze. Ni shauri jema, silikatai. Lakini hawa je? Nani awaambiaye wapungue?"

Nilimjibu kwamba hiyo ni kazi ya Serikali. Akacheka, akasema, "Sikukuuliza ni kazi ya nani. Nimekuuliza hufanywaje."

Sikuwa na jibu. Walakini swali lake halikuniacha, maana nilikuja kutambua kwamba ni lile lile ambalo mabingwa wa elimu ya wanyama wamebishana juu yake kwa zaidi ya miaka sitini, katika nchi zetu hizi na katika nchi za ng'ambo. Basi nimeona yafaa niwaeleze wasomaji mambo niliyoyapata, ili kila mmoja apime mwenyewe.

KISIWA KISICHO NA BAHARI

Kwanza yatupasa tukumbuke jinsi mbuga yetu ilivyokuja kuzungushiwa waya. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mahali hapa palitengwa kwa ajili ya ndege, hasa heroe wanaoipamba pwani ya ziwa kwa rangi yao. Mwaka 1968 pakafanywa mbuga ya taifa. Baadaye mashamba ya jirani yalinunuliwa yakaongezwa, hata leo eneo lote ni kilomita za mraba 188, pamoja na maji ya ziwa lenyewe. Mwaka 1977 waliletwa twiga wa aina ya Rothschild, ambao walikuwa hatarini huko kwao magharibi ya Bonde la Ufa.

Ndipo ikaja habari ya vifaru. Yakadiriwa kwamba mwaka 1970 Kenya ilikuwa na vifaru weusi wapatao 20,000. Kabla ya miaka ishirini kupita, majangili walikuwa wamewamaliza hata wakabaki chini ya 400. Serikali iliona hapana budi waliosalia wawekwe mahali pa kulindwa usiku na mchana. Nakuru ikachaguliwa, ukajengwa ua wa waya wa umeme wenye urefu wa zaidi ya kilomita 70, na mwaka 1987 vifaru wakaletwa kutoka shamba la Solio. Kazi hiyo ilifaulu. Vifaru walizaa, na leo wageni wengi huja Nakuru kwa ajili yao.

Lakini waya hauchagui mnyama. Uliomzuia jangili asiingie umemzuia pia nyati asitoke. Zamani ukame ulipokaza, wanyama wa sehemu hizi walihama: walikwenda Elementaita na Naivasha, wakapanda kuelekea Mau, mvua iliponyesha wakarudi. Sasa upande wa kaskazini ni mji, ambao tangu Desemba 2021 ni jiji. Magharibi ni mashamba. Na kila upande ni waya. Tena tangu mwaka 2010 ziwa limekuwa likipanda, likifunika majani ya pwani, miti na hata lango kuu la zamani. Hivyo ua haukusogea, lakini nchi iliyo ndani yake imepungua. Wanyama wetu wamekuwa kama watu wa kisiwani, tofauti ikiwa ni kwamba kisiwa hiki hakikuumbwa na bahari. Kimeumbwa na sisi wenyewe.

MAMBO YANAYOTUKIA VISIWANI

Kuna kisiwa kimoja upande wa Alaska, nchi ya baridi kali, kiitwacho St. Matthew. Mwaka 1944, wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wamarekani walipeleka huko kulungu 29 wa nchi za theluji, ili wawe akiba ya nyama kwa askari waliokuwa kisiwani. Vita vikaisha, askari wakaondoka, kulungu wakabaki. Hapakuwa na mnyama wa kuwala, wala mtu wa kuwawinda. Kufikia mwaka 1963 walikuwa 6,000. Walikuwa wamekwisha kula karibu chakula chote, kisha ukaja msimu wa baridi kali. Wataalam waliporudi mwaka 1966 walihesabu 42 tu, na katika hao dume alikuwa mmoja, naye hakufaa kuzaa. Hivyo hakuna aliyepiga risasi, na hata hivyo maelfu walikufa.

Watu wengine hutoa mfano huo na kusema: afadhali bunduki kuliko njaa. Lakini si kila mtu akubaliye. Mwaka 2023, katika kisiwa cha Santa Catalina huko California, shirika linalomiliki sehemu kubwa ya kisiwa lilitangaza kwamba litawaua kulungu wote kwa bunduki kutoka katika helikopta. Kulungu hao hawakuwa wa asili ya kisiwa. Waliletwa zamani kwa ajili ya wawindaji, na walikuwa wakila miti isiyopatikana penginepo duniani. Wakazi walikasirika, wakaandika barua na kukusanya sahihi, na mwaka 2024 shauri la helikopta likaachwa. Wakazi wengi walisema kwamba waliwajua kulungu hao tangu utoto wao, na kwamba hakuna aliyewauliza.

Sisi nasi tumepata kuwa na kisiwa chetu chenye shida. Katika Ziwa Baringo, mwaka 2011, twiga wa Rothschild waliwekwa Longicharo, mahali palipokuwa rasi iliyoungana na nchi kavu. Maji ya Baringo yalipopanda, rasi ikawa kisiwa, nacho kikazidi kuwa kidogo, hata walinzi wakawa hawana budi kuwapelekea twiga chakula kwa mashua. Lakini huko hawakuuawa. Watu wa Ilchamus na Pokot, ambao zamani walipigana na sasa wana hifadhi yao pamoja, walisaidiana na Shirika la Wanyamapori la Kenya na wafadhili wa ng'ambo. Kikaundwa chombo cha chuma cha kuelea, na tangu Desemba 2020 hadi Aprili 2021 twiga tisa wakavushwa, kidogo kidogo, hata wa mwisho.

Jambo lile lilikuwa jema sana, na picha zake zilienea ulimwenguni. Lakini msomaji na ajiulize: ikiwa kuvusha twiga tisa kulichukua miezi mitano, nyati elfu nne watavushwa kwa miaka mingapi? Tena wavushwe waende wapi?

WALIOSHIKA BUNDUKI NA WALIOKATAA

Katika Afrika ya Mashariki ubishi huu ulianza kwa nguvu Uganda. Katika Mbuga ya Queen Elizabeth viboko walikuwa wamezidi hata kingo za maziwa zikawa udongo mtupu. Tangu mwaka 1958, kwa muda wa miaka minane hivi, viboko wapatao 7,000 waliuawa kwa amri ya wakubwa wa mbuga, na nyama ikauzwa kwa wenyeji. Majani yakarudi mahali pengi. Wengi walidhani jibu limepatikana.

Mmojawapo wa wataalam waliofanya kazi Uganda, Dakta Richard Laws, akaja Kenya kuchunguza tembo wa Tsavo. Mwaka 1966 tembo 300 waliuawa ili miili yao ichunguzwe. Dakta Laws alisema kwamba tembo wamezidi, wanaharibu miti yote, na kwamba yafaa wauawe maelfu wengine kabla ya njaa kuwaua. Bwana David Sheldrick, aliyekuwa mkuu wa Tsavo Mashariki, alikataa. Alisema kwamba tembo na miti wamejua kupimana tangu kale, na kwamba mwanadamu angoje aone. Ubishi ukawa mkali hata Dakta Laws akaiacha kazi hiyo. Miaka miwili hivi baadaye, katika ukame wa 1970 na 1971, tembo waliokufa kwa njaa Tsavo walikuwa si chini ya 6,000, wengi wao majike na watoto.

Je, nani alikuwa na haki? Wa upande wa Laws walisema, "Mnaona? Tuliwaonya." Wa upande wa Sheldrick walisema, "Mnaona? Nchi imejipunguzia yenyewe, na majani yanarudi." Kisha majangili wa miaka ya 1970 wakaja wakaua tembo wengi mno, hata haikuwezekana tena kujua mwisho wa ule ubishi ungalikuwaje.

Nionavyo mimi, jambo moja husahauliwa. Tsavo zote mbili pamoja ni zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Nakuru haifiki sehemu moja kwa mia ya nchi hiyo. Mwenye nchi pana aweza kusema, "Tungoje tuone." Mwenye boma dogo hawezi, maana yeye ndiye aliyefunga lango.

SHERIA YETU

Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwezi wa Mei mwaka 1977, na mwaka uliofuata ikakataza biashara ya ngozi, pembe na vitu kama hivyo. Sababu ilikuwa ya haki: chini ya kivuli cha leseni watu walikuwa wakiimaliza mali ya nchi.

Baada ya Shirika la Wanyamapori kuundwa mwaka 1990, majaribio mengine yalifanywa. Katika wilaya kadha wa kadha, Nakuru ikiwa mojawapo, wenye mashamba makubwa walipewa idhini ya kuua kila mwaka hesabu fulani ya pundamilia, swala na wengineo, baada ya wanyama kuhesabiwa. Nyama iliuzwa, hata katika mikahawa ya Nairobi. Waliounga mkono walisema kwamba mwenye shamba akipata faida kwa pundamilia, hatamwona kuwa mwizi wa majani. Waliopinga walisema kwamba ngozi ya mnyama aliyeuawa kwa halali haina tofauti na ya yule aliyeuawa kwa hila. Uchunguzi ulipofanywa, usimamizi ulionekana kuwa dhaifu, na mwaka 2003 mpango ukasimamishwa.

Sheria ya mwaka 2013 yaendelea kukataza kuwinda kwa mchezo na kwa kitoweo, ingawa yataja kwamba wanyama waweza kupunguzwa kwa idhini maalum. Mwaka 2018 Waziri wa Utalii, Bwana Najib Balala, alipounda kamati ya kutafakari kama nchi yaweza kutumia nyama na ngozi za wanyamapori, kelele zilisikika kila upande. Wengine walisema hii ni njia ya kurudisha bunduki. Wengine wakasema wanyama wamekwisha pungua mno nje ya mbuga kwa sababu mwananchi hana faida nao.

Pia haifai kusahau kwamba watu wetu wana kumbukumbu yao. Katika miaka ya 1940 Serikali ya kikoloni ilimtuma mwindaji J. A. Hunter kuua vifaru karibu elfu moja huko Makueni, ili pafanywe makao ya watu. Hiyo iliitwa maendeleo. Mwafrika aliyetega kitanzi apate swala mmoja wa watoto wake aliitwa mwizi. Na mwaka 1938 Serikali hiyo hiyo iliwanyang'anya Wakamba ng'ombe wao na kuwauza, ikisema kwamba udongo unaharibika. Udongo ulikuwa ukiharibika kweli. Lakini watu hawakushauriwa. Maelfu walikwenda Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakakaa huko hata Serikali ikaacha kuwauza kwa nguvu. Muindi alipelekwa kifungoni Lamu. Tangu hapo neno "kupunguza" halisikiki vizuri masikioni mwa watu, hata linaposemwa na mtaalam mwema.

KIMETA HAKIOMBI IDHINI

Sasa nirudi Nakuru, maana hapa ndipo jibu la swali la mzee lilipo, nalo ni chungu. Mwaka 2015 ugonjwa wa kimeta uliingia katika mbuga yetu. Wakati huo nyati waliokuwamo walikuwa wapatao 4,500. Kabla ugonjwa haujatulia, nyati 745 walikuwa wamekufa, pamoja na vifaru weupe watatu, jamaa ya wale ambao ua ulijengwa kwa ajili ya kuwalinda. Mizoga ya kimeta haifai kuliwa wala kuguswa; huchomwa au huzikwa. Hapakuwa na kilo moja ya nyama iliyomfaa mtu.

Na kimeta si ugonjwa wa porini tu. Kati ya mwaka 2014 na 2017, katika sehemu hiyo hiyo ya Nakuru Magharibi, watu 15 waliugua kwa kugusa au kula ng'ombe wenye kimeta, na wawili katika hao wakafa. Wachunguzi hawakuona kwamba hao waliambukizwa na wanyama wa mbugani. Lakini vijidudu vya kimeta hukaa udongoni miaka mingi, na udongo wa pande zote mbili za waya ni mmoja.

Sisemi kwamba wingi wa nyati ndio uliouleta ugonjwa. Nasema tu kwamba wanyama waliosongamana mahali pasipo njia ya kutokea wakipatwa na maradhi au njaa, hawana pa kukimbilia. Basi mtu asemaye, "Mimi sitaki wanyama wapunguzwe," hajazuia kifo chao. Amechagua tu kwamba kitakuja bila yeye kukitazama.

SHAURI LANGU

Mimi ni karani, si bingwa wa wanyama. Kazi yangu ni daftari, na katika daftari kuna safu mbili, ya vinavyoingia na ya vinavyotoka. Tangu mwaka 1987 mbuga yetu imekuwa na safu ya kuingia iliyo wazi kwa wote: kila anayezaliwa ameingia. Safu ya kutoka tumeogopa kuiandika, kwa hiyo njaa na maradhi vimekuwa vikituandikia.

Naona mambo manne yafaa. Kwanza, hesabu ya wanyama itangazwe kila mwaka mbele ya majirani wa mbuga, barazani, kwa lugha waijuayo, pamoja na kiasi cha majani kilichopo. Mtu hawezi kukubali wala kukataa jambo asilolijua.

Pili, kuhamisha kutangulie kuua. Hili lawezekana kwa sehemu. Mwaka 2010, baada ya ukame mkubwa kuumaliza mfugo wa asili wa Amboseli, ulitangazwa mpango wa kupeleka huko pundamilia 4,000 na nyumbu 3,000, na pundamilia wa kwanza walitoka papa hapa kwetu, Soysambu. Nchi iliyoweza kupanga hivyo kwa ajili ya simba wa Amboseli yaweza kupanga pia kwa ajili ya majani ya Nakuru.

Tatu, ikiwa hapana njia nyingine na ni lazima wengine wauawe, kazi hiyo ifanywe na watumishi wa Serikali peke yao, si wageni wenye kulipia furaha ya kuua. Nyama ipimwe na daktari wa mifugo, nayo igawanywe katika shule na zahanati za Barut, Mwariki na Lanet, bila kuuzwa hata ratili moja. Pasipo faida ya fedha, hapana wa kutamani hesabu iongezwe. Najua wako watakaosema kwamba nyama ya bure nayo huleta tamaa. Ni kweli, ndiyo maana nimeanza na hesabu ya barazani.

Nne, na hili ndilo kubwa, tusijenge ua mwingine wowote kabla ya kuandika ni nani atakayehesabu, ni nani atakayeamua, na ni nani atakayeulizwa. Ua ni ahadi. Ukimfungia kiumbe, umejitwika chakula chake, maji yake na mwisho wake.

Juzi nilipita tena Barut nikamkuta mzee akipalilia. Nilimsomea haya kwa ufupi. Alisikiliza hata mwisho, akauliza swali moja tu: "Na hiyo baraza ya kuhesabu, ni siku gani?" Nikamwambia haijawekwa. Akaokota jembe lake, akasema, "Ikiwekwa, nijulishe. Nitakuja na ile karatasi ya bwana mifugo."